Kupunguza dawa ya magugu kwenye mahindi na mtama: jembe, maksai, mazao tandazi, sukuma-vuta au dawa ya mstari?

Mkulima wa ekari moja hadi tano za mahindi au mtama ambaye amezoea kupulizia dawa ya magugu shamba zima huwa na sababu nzuri za kutaka kuipunguza. Dawa hugharimu fedha taslimu wakati ambao nyumbani fedha ni chache kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Nyingine, kama zile zenye atrazini, humnyima nafasi ya kuchanganya maharage au kunde na mahindi, kwa kuwa huziua. Anayebeba bomba mgongoni, mara nyingi bila glavu wala buti, ndiye anayeipokea kwanza kwenye ngozi yake. Tena magugu yanayopigwa dawa ya aina moja msimu baada ya msimu hatimaye huzaa vizazi visivyoisikia.

Hata hivyo, kuacha dawa bila kuweka kitu mahali pake ni kulihamishia tatizo kwenye migongo ya watu, na katika kaya nyingi migongo hiyo ni ya akina mama na watoto. Kwa hiyo swali la makala haya ni njia ipi inaweza kuchukua nafasi ya dawa, au ya sehemu yake, katika shamba lako, kwa nguvu ulizo nazo na kwa magugu yanayokusumbua. Njia tano zinalinganishwa: palizi la jembe la mkono linalofanywa kwa wakati, palizi la maksai, mazao tandazi (yale yanayofunika udongo) pamoja na matandazo ya mabua, mfumo wa sukuma-vuta (kupanda mmea wa mikunde katikati ya mahindi na nyasi za malisho kuzunguka shamba), na dawa inayopuliziwa juu ya mstari wa mahindi peke yake, huku katikati ya mistari pakipaliliwa.

Vigezo vya kulinganisha

Kabla ya vigezo kuna jambo moja linalozihusu njia zote. Mahindi huumizwa zaidi na magugu katika wiki sita za mwanzo baada ya kuota, hasa kuanzia wiki ya pili. Magugu yaliyoachwa katika kipindi hicho hula mbolea, maji na mwanga ambao mmea hautaurudishiwa hata ukipalilia vizuri sana baadaye. Mahindi yakishafunga kivuli chake, magugu mapya huathiri mavuno kidogo, ingawa yanaweza kusumbua wakati wa kuvuna na kumwaga mbegu za msimu ujao. Njia yoyote utakayochagua ipime kwanza kwa swali hili: je, inanilindia wiki hizo sita?

Baada ya hapo, kila njia itaangaliwa kwa vigezo sita: aina ya magugu inayoyaweza; nguvu kazi, na nani anayeitoa; fedha; mvua, udongo na mteremko; umiliki wa shamba pamoja na mifugo inayopita; na kiasi cha dawa kinachopungua kwa kweli.

Aina ya magugu

Hapa ndipo uchaguzi mwingi huharibika, kwa sababu watu husema “magugu” kana kwamba ni kitu kimoja. Kishona nguo na mchicha pori huota kwa mbegu, hufa yakikatwa yakiwa machanga, na karibu kila njia kati ya hizi tano huyaweza. Sangari lina mashina yanayotambaa chini ya ardhi, na kila kipande kinachokatwa na jembe au plau huweza kuwa mmea mpya. Ndago ina viazi vidogo udongoni vinavyochipua tena siku chache baada ya kupaliliwa. Kongwe, lile jani teketeke lenye maua ya buluu, likikatwa na kuachwa juu ya udongo wenye unyevu hushika mizizi upya kutoka kwenye vipingili vyake, na lina ukaidi hata mbele ya glaifosati, dawa inayoua karibu kila aina ya mmea.

Jembe la mkono ndilo lenye uwezo mpana zaidi, kwa kuwa mpaliliaji huona anachokata na anaweza kuliokota kongwe na kulitoa nje ya shamba. Lenyewe halitoshi kwa sangari na ndago, lakini palizi za karibu karibu huzichosha. Maksai huyaweza vizuri magugu ya mbegu yaliyo katikati ya mistari. Yale yaliyosimama baina ya shina na shina hayaguswi, na kwenye sangari jembe la maksai linaweza kusambaza vipande kutoka kona moja ya shamba hadi nyingine, usipoling'oa kwa mkono na kulikausha juani kabla.

Mazao tandazi, yaani kunde, maboga au fiwi, hufanya kazi kwa kivuli. Hukandamiza vizuri magugu yanayoota kwa mbegu ndogo, na ndago nayo haipendi kivuli, lakini hayamalizi magugu yaliyokwisha kujijenga. Dawa ya mstari hutegemea dawa yenyewe. Zile za 2,4-D huua magugu ya majani mapana na kuyaacha ya jamii ya nyasi yakistawi, kwa hiyo ukizitumia peke yake kwa miaka mingi shamba hugeuka kuwa la nyasi.

Kisha kuna kiduha, ambacho kinastahili kuzungumziwa peke yake. Kanda ya Ziwa, magharibi mwa Kenya, mashariki mwa Uganda na sehemu nyingi nyingine zinazolima mtama na mahindi katika udongo uliochoka, kiduha ndicho huamua kama kutakuwa na mavuno. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, mmea mmoja huzaa makumi ya maelfu, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikiwa hai. Huota pale tu zinapohisi kemikali zinazotoka kwenye mizizi ya mahindi, mtama au nafaka nyingine inayoweza kuvamiwa, kisha hujishikiza kwenye mizizi hiyo na kunyonya. Unapokiona kimetoka juu ya ardhi na maua yake ya zambarau au mekundu, madhara makubwa yameshatendeka chini.

Ndiyo maana jembe na maksai havikuokolei mavuno ya msimu huu dhidi ya kiduha. Faida yake ni kuking'oa kabla ya kutoa maua ili kisiongeze akiba ya mbegu, na faida hiyo si ndogo, ila huonekana baada ya miaka. Dawa zilizozoeleka nazo hukifikia kikiwa kimechelewa. Kunde na mazao mengine ya jamii yake husaidia kiasi, kwa sababu baadhi huziamsha mbegu za kiduha lakini hayavamiwi, hivyo kiduha huota na kufa kwa kukosa pa kujishikiza. Pamba na soya zina tabia hiyo hiyo, jambo ambalo wakulima wa Usukuma wanaolima pamba na mtama kwa kupokezana wanaweza kulitumia.

Sukuma-vuta iko mbele ya nyingine zote kwa kigezo hiki. Mfumo huu ulitengenezwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kwa kushirikiana na watafiti wa Rothamsted wa Uingereza na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya mikunde unaotambaa, na kuzunguka shamba hupandwa mabingobingo au brakiaria. Lengo la kwanza lilikuwa funza wa mabua: harufu ya desmodiamu huwasukuma nondo watoke, na nyasi za pembeni huwavuta watage huko. Ndipo ikaonekana kwamba kiduha nacho kinatoweka. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za kiduha pamoja na nyingine zinazokizuia kujishikiza, na kwa kuwa desmodiamu huishi miaka mingi, akiba ya mbegu ardhini huendelea kupungua hata msimu usio na mahindi.

Nguvu kazi, na nani anayeitoa

Chukua ekari moja ya mahindi yaliyopandwa kwa sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo. Ina mashina kama 18,000, na ukiiunganisha mistari yake yote utapata karibu kilomita 5.4. Mpaliliaji wa jembe la mkono huipita njia hiyo akiwa ameinama, akikata pande zote mbili za kila shina, na kwa kawaida huhitaji kuipita mara mbili: kati ya wiki ya pili na ya tatu, kisha wiki ya tano au ya sita. Kaya yenye watu wawili wenye nguvu na ekari moja inaweza kumudu. Kaya hiyo hiyo yenye ekari tatu haitamudu, na kitakachotokea ni kwamba ekari ya mwisho itapaliliwa wiki ya saba, ambapo kazi ni kubwa maradufu na faida imeshapotea. Mwenye kuchagua jembe kama mbadala wa dawa ahesabu mikono kwanza, na kama mikono hiyo ni ya mke na watoto wanaotakiwa shuleni, hesabu hiyo ifanyike wazi mezani, kila mmoja akiwapo.

Jozi moja ya maksai yenye jembe la palizi na watu wawili, mmoja akiongoza na mwingine akishika mikono ya jembe, hupita katikati ya mistari ya ekari moja ndani ya siku moja. Hubaki ukanda mwembamba wa kupalilia kwa jembe la mkono juu ya mstari, na kazi hiyo ni ndogo sana ikilinganishwa na kupalilia eneo zima. Sharti lake ni mistari iliyonyooka tangu siku ya kupanda. Shamba lililopandwa kwa kutupia mbegu nyuma ya plau halipaliliki kwa maksai, na hapo wengi hugundua wamechelewa. Maksai wafungwe vizuizi vya mdomo, la sivyo watakula mahindi njiani.

Mazao tandazi hayaondoi palizi la kwanza, na ni vyema kulisema hili kwa uwazi kwa sababu mara nyingi huuzwa kama njia ya kutopalilia. Kunde huhitaji majuma kadhaa kabla ya kufunika udongo, na majuma hayo ni yale yale sita. Zinachookoa ni palizi la pili. Fiwi, kwa kuwa hupanda juu ya mabua, ni bora ipandwe mahindi yakiwa yameshatangulia, karibu na palizi la kwanza. Matandazo ya mabua huzuia magugu tangu mwanzo, ila yawe mengi kiasi cha kuficha udongo, na kuyakusanya ni kazi yenyewe.

Sukuma-vuta hudai kazi nyingi msimu wa kwanza. Mbegu za desmodiamu ni ndogo sana na miche yake huota polepole, hivyo inabidi kupalilia kwa mkono mara mbili, kwa uangalifu, na mtu anayeitofautisha na magugu. Kibarua asiyeijua huing'oa yote. Kuanzia msimu wa pili kazi hubadilika: desmodiamu hukatwa kabla ya kupanda na tena inapotaka kuyafunika mahindi machanga, na majani hayo huenda kwa ng'ombe au mbuzi.

Dawa ya mstari iko katikati. Kupulizia huchukua saa chache, kisha katikati ya mistari hupaliliwa kwa jembe au, vizuri zaidi, kwa maksai. Ikumbukwe kwamba sehemu ngumu ya palizi ni ile ya karibu na shina, ambako jembe likikosea hukata mahindi, na sehemu hiyo ndiyo dawa inayoichukua.

Fedha

Jembe halihitaji fedha kama nguvu ni za nyumbani. Kama ni za vibarua, zidisha idadi ya siku kwa ujira wa kijijini kwako, mara mbili kwa msimu, kisha ulinganishe na bei ya dawa. Katika maeneo mengi jibu litakushangaza, na linaeleza kwa nini dawa imeenea. Maksai ni mtaji mkubwa kwa anayenunua, lakini palipo na maksai wengi, kama Shinyanga, Simiyu na Tabora, kukodi kunawezekana, ingawa anayekodi husubiri zamu na zamu inaweza kumfikia wiki ya saba. Kunde na maboga ndizo rahisi kuliko zote, kwani mbegu zinaweza kutoka ghalani mwako na majani ni mboga ndani ya muda mfupi. Mbegu ya desmodiamu ni ghali na haipatikani kila duka la pembejeo, ila mwenye jirani anayeilima anaweza kupanda vipande vya shina lake. Gharama hiyo ni ya mara moja, na malisho yanaweza kuirudisha kwa anayefuga.

Mvua, udongo na mteremko

Palizi la jembe na la maksai hufanikiwa udongo ukiwa mkavu kidogo juu na jua likifuata. Mvua ikinyesha jioni hiyo hiyo, magugu mengi hushika tena. Kwenye mteremko, maksai wapite kufuata kontua, kwani wakishuka na kupanda hufungua mifereji ya mmomonyoko. Mazao tandazi hufaa panapokuwa na unyevu wa kutosha kwa mimea miwili. Katika maeneo makavu kama Dodoma na Singida panda machache kwa nafasi, au tegemea matandazo, ambayo huhifadhi maji. Matandazo mengi ya mabua huweza kuyafanya mahindi yawe ya njano mwanzoni, kwa kuwa vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongo, na mchwa nao huyapenda. Desmodiamu huathirika na kiangazi kirefu, na kwa maeneo makavu hutumika ile ya majani ya kijani pamoja na brakiaria badala ya mabingobingo. Dawa inayopuliziwa kabla ya magugu kuota huhitaji udongo wenye unyevu ili ifanye kazi.

Shamba ni la nani, na nani anapita baada ya mavuno

Shamba la kukodi la msimu mmoja halifai sukuma-vuta, kwani faida yake utamwachia mwenye shamba. Pia halistahili kazi kubwa ya kurundika matandazo. Kwa shamba la namna hiyo jembe, maksai, kunde na dawa ya mstari vinatosha.

Tatizo la pili ni mifugo. Katika vijiji vingi desturi ni kwamba mahindi yakishavunwa, shamba ni malisho ya wote. Mabua uliyoyaacha kama matandazo yataliwa, na desmodiamu itatafunwa hadi mizizini. Hakuna maelezo ya kitaalamu yanayolitatua hili. Hutatuliwa kwa kukubaliana na wafugaji na serikali ya kijiji, au kwa uzio. Yeyote asiyeweza kupata makubaliano hayo asianze na njia hizi mbili katika shamba lililo mbali na nyumbani. Aanze na kipande kilicho nyuma ya nyumba.

Kiasi cha dawa kinachopungua

Jembe, maksai na sukuma-vuta iliyokwisha kushika vinaweza kuiondoa dawa ya magugu kabisa. Mazao tandazi pia, mradi palizi la kwanza lifanyike, na huwezi kuyachanganya na dawa za majani mapana.

Dawa ya mstari huipunguza kwa hesabu iliyo wazi. Ukipulizia ukanda wa sentimita 25 juu ya mistari iliyo sentimita 75, unagusa theluthi moja ya ardhi. Ikiwa lebo inaelekeza lita moja kwa ekari, ekari yako itapokea theluthi ya lita. Kinachopungua ni eneo linalopuliziwa. Kile kipimo kwa kila mita ya mraba inayoguswa hubaki kama lebo inavyosema. Tofauti hii ni ya msingi, kwa sababu wengi “hupunguza dawa” kwa kuongeza maji na kuisambaza shamba zima. Wanaofanya hivyo huyaacha hai magugu yenye nguvu kuliko mengine, na hayo ndiyo huzaa mbegu za mwaka unaofuata.

Ili upate kipimo sahihi, jaza bomba maji matupu, pulizia mita 100 za mstari kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji yaliyotumika. Mita 100 kwa ukanda wa sentimita 25 ni mita za mraba 25, na kutoka hapo unaweza kukadiria ekari nzima. Tumia dawa iliyosajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, yaani TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya, na usome kama inaruhusiwa juu ya mahindi yaliyoota: glaifosati huua mahindi ya kawaida kama inavyoua magugu.

Kwa hali yako

Ukiwa na ekari moja au chini yake, watu wawili wenye nguvu, na magugu yako ni kishona nguo na wenzake, jembe la mkono pamoja na kunde zilizopandwa wakati mmoja na mahindi litakutosha bila dawa yoyote.

Ukiwa na ekari tatu hadi tano mahali penye maksai, badili kwanza namna ya kupanda, kwa kamba na mistari iliyonyooka, kisha palizi la maksai. Kama hofu yako ni zamu ya kukodi, weka dawa ya mstari mwaka wa kwanza na uone kama unaweza kuiacha wa pili.

Kama kiduha ndicho kinachokula mahindi yako na shamba ni lako, na hasa kama una ng'ombe au mbuzi wa kulisha ndani ya zizi, sukuma-vuta inastahili taabu ya msimu wa kwanza. Anza na robo ekari, ile iliyoathirika zaidi. Kama shamba lenye kiduha ni la kukodi, tumia samadi kwa kuwa kiduha hustawi penye naitrojeni kidogo, badilisha na pamba, soya au kunde, na kwa mtama tafuta aina zinazokistahimili, kama Hakika na Wahi.

Kama shamba limejaa sangari au ndago, usipeleke maksai wala matandazo mwaka huu. Lilime kiangazi, mashina na viazi vikae juani, uviokote, na urudie. Ukiona lazima utumie glaifosati, pulizia mabaka yenye magugu hayo peke yake kabla ya kupanda, kisha msimu unaofuata fiwi au kunde nene zifunike mahali hapo.

Na ikiwa uko peke yako, mzee au mgonjwa, bila fedha za vibarua, dawa ya mstari pamoja na ekari chache kuliko ulizozoea ni uchaguzi halali kabisa. Muombe kijana mwenye glavu, buti na nguo ndefu akupulizie asubuhi kusipokuwa na upepo, na katikati ya mistari panda maboga kwa nafasi, wiki mbili au tatu baadaye, baada ya kuhakikisha kwenye lebo kwamba dawa uliyotumia haiyadhuru.